Chatu Aliyekataa Panya wa Barafu

5 Novemba 1994

Charles amerudi kutoka Kyela jioni hii, amelowa chapachapa. Yeye na mgeni wake walikuwa wamebeba sanduku la mbao lililozibwa kwa wavu juu. Nilidhani wameniletea kuku. Nikainama nichungulie, nikarudi nyuma mpaka nikagonga meza.

Ni chatu. Bado mdogo, wanasema, ingawa akinyooka ananipita mimi urefu.

Mgeni anaitwa Abrahamu, ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Ananunua vinyonga, kobe na nyoka, anawasafirisha Ulaya wakiwa hai. Siku hizi kila kitu kinauzwa, alisema huku akila ndizi zangu, kazi ni kuujua mlango. Lakini huko wanakokwenda nyoka hulishwa panya waliokwisha kufa, wanaotunzwa kwenye barafu. Nyoka anayetaka kuua mwenyewe hapati mnunuzi. Huyu bado mkaidi.

"Nyie mna friji, shemeji," aliniambia. "Mfundisheni kula. Mwezi wa kwanza nakuja na kibali, namchukua, na Charles atakuwa mtu wangu wa mikoa hii."

Tangu shirika alikokuwa mtunza stoo lifungwe, mume wangu hajaongea maneno mengi kama leo. Kwa hiyo sikusema kitu. Sanduku liko chumba cha nyuma. Charles amempa jina: Mgeni.

8 Novemba

Mvua. Hajala.

13 Novemba

Hajala. Charles ananasa panya kwa mtego, anawagandisha kwenye friji, kisha anampelekea mmoja kama anayempelekea mkwe chakula, anamweka mbele, anasimama pembeni anasubiri. Panya anayeyuka, analoana, anatoa harufu. Asubuhi namtupa mimi kwenye shimo la taka kabla ya kwenda shule.

Mimi ni mtu wa hapahapa. Nilizaliwa kijijini Kisondela, nafundisha darasa la tatu hapa Bulyaga, mjini Tukuyu. Kwetu nyoka akiingia ndani anapigwa, hata mtoto anajua. Charles ni Msukuma wa Shinyanga. Baba yake alikuwa akicheza ngoma na nyoka shingoni wakati wa mavuno, na watu wakimtunza. Nilipoolewa naye nililijua hilo nikalicheka. Sikudhani litaingia chumba changu cha nyuma.

19 Novemba

Jana Charles alichoka kungoja, akamtia panya hai ndani ya sanduku. Alisema chatu akishaua mara moja, hamu itarudi.

Hakuua. Alijikunja pembeni kama kamba ya kufungia ng'ombe. Sisi tukalala. Asubuhi tumemkuta panya amekaa juu ya mgongo wake, anamtafuna. Ngozi imechanika mahali pawili, nyama inaonekana. Charles alimshika chatu, mimi nikampaka vidonda dawa ya GV kwa pamba. Ni mara ya kwanza kumgusa. Nilitegemea awe mtelezi kama kambare. Ni mkavu, na baridi kama sufuria iliyolala nje.

Charles hakunywa chai. "Baba yangu angenicheka," alisema.

27 Novemba

Jirani yangu Veronika aliniuliza kisimani kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, ni mali ya mtu, ataondoka. Akasema, "Mgeni siku mbili, Mwalimu, ya tatu mpe jembe." Tukacheka. Lakini alikuwa ananitazama tumboni.

4 Desemba

Hajala. Nimeacha kutengeneza barafu za watoto wa shule. Hakuna anayeweza kuuza barafu zilizolala na panya, hata wakiwa wamefungwa kwenye mifuko.

11 Desemba

Baada ya ibada mzee wa kanisa, Ambindwile, alinisubiri mlangoni. Ni mtu mpole, ndiye aliyemshikia mchungaji beseni wadogo zangu wawili walipobatizwa. Alinisalimia kwa Kinyakyusa, akaulizia mama, akaulizia shule. Kisha akasema kwa Kiswahili, kama watu wanavyofanya wakitaka neno liwe la ofisi:

"Mwalimu, watu wanasema mmefuga nyoka wa mali, wa kuleta utajiri kwa damu za watu."

"Baba, mali iko wapi? Unaona viatu vyangu."

"Mimi naona. Wao wanasema ndiyo kwanza ameanza kazi. Wanasema na ile mimba yako ilikwenda huko."

Mimba yangu ilitoka mwaka juzi. Nyoka amekuja mwezi uliopita. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini watu hawahesabu miaka wakishaamua kusema. Akaniomba nipumzike kwaya mpaka jambo hili litulie. Alisema "upumzike" kama vile mimi ndiye niliyelalamika kuchoka.

Nimechoka kweli, lakini si kwa kuimba.

16 Desemba

Umeme umekatika tangu juzi. Panya wote wameoza. Nimeosha friji kwa majivu na ndimu, bado inanuka. Charles amekaa sebuleni anatazama mvua.

25 Desemba

Krismasi. Tulikwenda Kisondela kwa mama. Alipika vizuri, hakusema neno juu ya nyoka. Wakati wa kuagana alinishika mkono akanivuta kando ya migomba. "Mwanangu, mwanaume asiye na kazi hushika chochote. Wewe usishike naye kila kitu."

3 Januari 1995

Shule imefunguliwa. Mvua. Hajala.

14 Januari

Abrahamu hajatokea. Charles amekwenda posta kupiga simu kwa namba aliyoachiwa, aliyepokea anasema hamjui. Amesema atakwenda Dar es Salaam kumtafuta.

"Na huyu?" nikamuuliza.

"Nitarudi ndani ya wiki mbili. Wewe mwekee tu maji."

Nilimtazama akikunja mashati. Alikuwa anakunja mengi kuliko ya wiki mbili. Sikumwambia kwamba nimeona.

16 Januari

Ameondoka na basi la alfajiri. Nimeweka maji.

29 Januari

Hakuna barua. Hakuna simu. Hajala.

Leo nilibeba kuni mpaka mlango wa nyuma, na panga lilikuwa pale juu ya kuni. Nilisimama nalo mbele ya sanduku muda mrefu. Ningeweza kumaliza yote, nikarudi kwaya, na hakuna ambaye angenilaumu, labda hata Charles. Chatu alikuwa amejikunja vilevile. Mbavu zimeanza kuonekana, na ngozi imelegea kama soksi. Makovu ya panya yamepona, yamebaki na rangi ya zambarau ya GV. Aliinua kichwa kidogo akatoa ulimi, kisha akakirudisha chini, kama mgonjwa anayesikia mtu ameingia na hana nguvu ya kuuliza ni nani.

Nimerudisha panga jikoni. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuletwa hapa kwa kupenda.

5 Februari

Vifaranga wangu wanakufa kwa baridi. Nimewatia kwenye boksi na kuwawekea taa ya chemli ndani ya debe lililotobolewa, kama nifanyavyo kila masika. Nilipokuwa nawafunika gunia nikawaza jambo la kijinga kabisa, la wazi mno mpaka nikaona aibu kwamba hatukuliwaza mapema: Kyela ni joto. Huyu ametolewa kwenye joto, akawekwa huku Tukuyu milimani, kwenye chumba kisicho na jua, wakati wa mvua. Nani ana hamu ya kula akiwa ameganda?

Nimenunua chemli ya pili. Nimeinua sanduku kwa matofali na kuiweka chini yake, nimeziba pande tatu kwa magunia na kuacha upande mmoja upate hewa.

9 Februari

Anatembea. Nilimsikia nikiwa nasahihisha madaftari, ngozi inakwaruza mbao. Anazunguka sanduku zima akipapasa wavu kwa pua.

Panya mpya niliyemnasa jikoni nimemwondoa kwenye barafu mchana, nikamfunga kwenye mfuko wa nailoni na kumlaza kwenye beseni la maji ya moto mpaka akawa na joto la kiumbe hai. Nikamfuta kwa kitambaa. Nikamshika mkia kwa koleo la mkaa, nikamchezesha mbele yake. Chatu akamfuata kwa kichwa, akamnusa, akageuka.

Lakini alimfuata.

12 Februari

Kifaranga mmoja amekufa asubuhi. Nilikuwa naenda kumtupa. Nikampasha joto nikampa.

Sikuona alivyomkamata. Koleo lilivutwa, nikaliachia, nikakimbilia mlangoni. Nilipochungulia alikuwa amejizungusha juu ya kitu kilichokwisha kufa na anakibana kwa nguvu zake zote. Kisha akakimeza taratibu.

Nilikaa sakafuni. Nilitaka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, ndiyo maana naandika.

18 Februari

Panya bado anamkataa. Nimempaka panya manyoya ya kifaranga, nikamfunga pamoja na vifaranga kwenye boksi ili ashike harufu. Amemgusa kwa pua mara nyingi. Hakumchukua.

Sina vifaranga wa kutosha kumlisha. Na siwezi kukaa naombea vifaranga wafe.

23 Februari

Naandika yote kwa sababu kesho nitaanza kuyasahau au kuyapamba.

Mtoto wa Andrea fundi baiskeli amelazwa na homa kali. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwetu. Mchana shuleni mwalimu mwenzangu aliniambia, bila kunitazama, kwamba ni afadhali nilale Kisondela leo. Sikwenda. Vifaranga, chemli, madaftari, ningeviacha na nani?

Jua lilikuwa linazama na nilikuwa tayari nimeweka beseni la maji ya moto chini, panya yumo ndani ya mfuko, niliposikia sauti uani. Walikuwa watu wengi, wamejifunika makoti na mifuko ya mbolea kwa ajili ya mvua. Niliwaona wazazi wa wanafunzi wangu. Andrea alikuwa mbele na panga, na mtu nyuma yake alishika dumu la mafuta ya taa. Pembeni alisimama mzee Ambindwile na mwavuli wake. Sikujua amekuja kuwazuia au kuwaongoza, na nadhani hata yeye hakujua.

"Mwalimu, tutolee huyo mnyama," alisema Andrea.

"Mtoto anaendeleaje?" niliuliza.

"Usiniulize mtoto. Mtoe."

"Mtoto wako namfundisha, Andrea. Nakuuliza anaendeleaje."

Alifuta uso. "Wamemtundikia dripu. Hajitambui."

Mtu mmoja akasema nyoka ananyonya damu, ndiyo maana hajawahi kuonekana akila. Mwingine akasema mume wangu amekimbia kwa sababu zamu yake ya kutoa mtu ilikuwa imefika. Nilisikiliza. Zaidi ya hofu nilihisi uchovu, uchovu wa tangu Novemba. Nilichoka kuwa siri.

Nikafungua dirisha la chumba cha nyuma, mbao zote mbili.

"Mnasema hajaonekana akila," nikawaambia. "Mimi pia ndilo ninalolilia. Sasa ndiyo saa yake. Njooni mtazame."

Hakuna aliyesogea, kisha wakasogea wote. Veronika alikuja akasimama karibu kabisa na dirisha, upande wangu, kanga yake kichwani. Niliingia ndani. Nikamtoa panya kwenye maji, nikampangusa, nikamshika kwa koleo, nikapiga magoti mbele ya sanduku. Nikafungua wavu.

Nikamchezesha panya. Chatu akatazama. Nikamchezesha kushoto, nikamchezesha kulia, nikamrusharusha kama anayetembea. Chatu akasogeza kichwa mbele, akamnusa kuanzia pua hadi mkia, halafu akaenda kulaza kidevu kwenye bakuli lake la maji.

"Kula," nikasema. Sikukusudia kusema kwa sauti. "Kula basi, jamani. Nimekupashia moto. Nimekupaka harufu ya kuku. Unataka nini tena?"

Nyuma yangu bibi mmoja akasema kwa Kinyakyusa kwamba hata mume wake marehemu hakuwahi kubembelezwa hivyo. Kicheko kikaanza kwake, kidogo, kikapita kwa wengine. Sauti ya mwanaume ikasema, "Huyu ndiye nyoka wa mali? Mbona panya tu anamshinda?" Wakacheka zaidi. Na mimi niko magotini, panya ananing'inia kwenye koleo, machozi yananitoka, na sikujua kama nacheka nao au nalia.

Andrea peke yake hakucheka. Alitazama kwa muda, panga likiwa limeshuka kando ya mguu.

"Ana njaa," alisema.

"Ana njaa," nikamjibu.

Mzee Ambindwile alikohoa. "Andrea, twende hospitali. Mama wa mtoto yuko peke yake." Akamfunika kwa mwavuli wake wakaondoka. Wengine wakafuata mmoja mmoja, mvua ikiwa inaongezeka. Dumu la mafuta ya taa lilisahaulika uani. Veronika aliliingiza ndani, akasema litafaa kwenye chemli.

24 Februari

Mtoto wa Andrea amefumbua macho, ameomba uji.

Jioni nilimpasha moto panya yuleyule. Nilikuwa nimechoka mno hata kumchezesha, nilimshika tu mkono ukiwa umeegemea goti. Chatu akamchukua.

Sikumwita mtu.

4 Machi

Amekula tena. Panya mtupu, bila harufu ya kuku.

Veronika amenifanyia jambo. Ameanza kuniletea panya anaowanasa kwenye dari la mahindi, amewafunga kwenye jani la mgomba kama kitoweo. Nilikuwa nimeamini kwamba yeye ndiye aliyeeneza maneno. Nikamuuliza.

"Ndiyo, nilisema," alijibu. "Nilikuwa naogopa. Mtu akiogopa anasema."

Hakuomba msamaha, na mimi sikudai. Tulikunywa chai.

19 Machi

Mvua. Amekula. Charles kimya.

Zamani nikiamka nilikuwa nahesabu sababu za ukimya wake: ugonjwa, ajali, hana nauli. Siku hizi naamka nakwenda kuangalia chemli.

2 Aprili

Mzee Ambindwile alipita shuleni. Alisema naweza kurudi kwaya nikipenda. Nikamshukuru, nikamwambia nitafikiri. Alishangaa. Mimi pia.

8 Aprili

Charles amerudi.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti nilipotoka sokoni, amekonda, shati si lake. Nilimkaribisha maji ya kuoga, nikampikia. Aliomba kumwona Mgeni. Alipoona mwili ulivyojaa na ngozi mpya inavyong'aa, aliegemea ukuta.

Baada ya chakula alieleza. Abrahamu aliacha biashara ya wanyama kabla ya Krismasi, sasa anauza mitumba. Charles alilala kwa ndugu, akabeba mizigo sokoni, mpaka akapata kazi kwenye nyumba ya maonyesho ya nyoka nje ya jiji, wanakopelekwa wanafunzi na watalii. Tajiri wao anataka nyoka waliozoea chakula cha barafu, na mtu anayejua kuwazoesha.

"Nilimwambia najua," alisema. "Nilimwambia nimewahi kumzoesha mmoja."

Nikakusanya sahani.

"Nilimdanganya, Tusekile. Nilidhani nitamkuta amekufa. Nilikuja nikiwa na maneno ya kukwambia pole."

"Miezi yote hiyo hukuweza kuandika mstari mmoja?"

"Niliona aibu."

Nikamweleza kila kitu, kuanzia panga la Januari hadi dumu la mafuta ya taa. Sikupandisha sauti. Hakunikatiza. Nilipofika kwa Andrea alifunika uso kwa mikono, na nikaendelea kueleza, kwa sababu mimi sikuwa na mahali pa kufunika uso siku ile.

9 Aprili

Jioni alikaa kwenye kigoda nyuma yangu. Nilimwonyesha maji yawe moto kiasi gani, kwa kuingiza kiwiko kama unavyopima maji ya mtoto. Nilimwonyesha kupangusa, kushika, kutulia.

"Usimchezeshe sana," nilimwambia. "Na usisimame unamsubiri kama mkwe. Kaa chini. Choka kidogo."

Alichukua koleo. Chatu akamkawiza, kisha akamchukua panya mkononi mwake. Charles alinigeukia, uso wake ukiwa kama wa siku tulipofunga ndoa. Niliufurahia. Pia nikagundua kwamba kuufurahia hakutoshi tena.

Aliniuliza kama nitaomba uhamisho twende wote Dar es Salaam. Nikamwambia nitakuja likizo ya Juni nione anakoishi. Kuona, si kuhamia.

"Na baada ya hapo?"

"Sijui, Charles. Usinisukume."

Akakubali kwa kichwa.

13 Aprili

Wameondoka asubuhi, yeye na sanduku, kwenye lori la ndizi, kwa sababu basi lilikataa kumpakia nyoka. Veronika alisindikiza pamoja nami mpaka barabarani. Charles alinishika mkono muda mrefu, mpaka dereva akapiga honi.

15 Aprili

Jumamosi. Mvua haijakatika. Hakuna shule, hakuna chemli ya kujaza, hakuna maji ya kupasha. Nilifunga mlango, nikalala mchana kweupe huku bati likinguruma. Kuna aliyebisha hodi, nikamsikia, sikuamka.

Nilipoamka nilikuwa na njaa. Nikamenya chane moja ya ndizi, nikazipika na maharage, nikakaa peke yangu mezani nikala mpaka sufuria ikaisha.